Kujifunza Usimamizi wa Seva na Mitandao kwa Linux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa kila mara na wanafunzi wa darasa la jioni ninalofundisha hapa Mombasa: mafundi wa simu, makarani wa ofisi za mawakala wa forodha, walimu wa kompyuta wa sekondari na vijana waliomaliza chuo juzi. Nimeyajibu kwa kadiri ya uzoefu wangu, na pale ambapo nina msimamo nimeusema wazi. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nalo ni kwamba kazi hii hujifunzwa kwa kuharibu na kutengeneza mashine yako mwenyewe, huku ukiandika kila ulichofanya. Kutazama video peke yake hakutoshi.

Msimamizi wa mfumo hufanya kazi gani hasa?

Huhakikisha kwamba kompyuta ambazo watu wengine wanazitegemea zinafanya kazi leo, na kwamba zikiharibika kesho zitarudi. Katika ofisi ndogo ya Mji wa Kale kazi hiyo yaweza kuwa ya seva moja ya faili na printa mbili. Katika chuo au hospitali yaweza kuwa ya mamia ya mashine. Yeye ndiye anayefungua akaunti za watumiaji na kuzifunga mtu anapoacha kazi, anayesakinisha na kusasisha programu, anayegawa anwani za mtandao, anayechukua nakala rudufu, na anayesoma kumbukumbu za mfumo (log), yaani rekodi za matukio yake, kabla watu hawajaanza kulalamika.

Kwa nini tujifunze kwa Linux na si kwa mfumo mwingine?

Sababu ya kwanza ni kwamba Linux haikufichi kitu. Mipangilio yake karibu yote ni faili za maandishi matupu ndani ya saraka ya /etc, na kumbukumbu zake nyingi zimo ndani ya /var/log au katika hifadhi inayosomwa kwa amri ya journalctl. Mwanafunzi akitaka kujua kwa nini huduma fulani haikuamka, anaweza kufungua, kusoma, kubadilisha na kujaribu tena, bila kuomba ruhusa ya mtu wala kununua leseni.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo kamili wa programu huria, na tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anaandika kerneli yake, yaani ule moyo wa mfumo unaozungumza na vifaa moja kwa moja. Mwaka 1992 kerneli hiyo iliwekwa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi anapoigawa awape wengine haki zilezile. Leo kerneli hiyo ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android zilizo mifukoni mwetu, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi katika orodha ya TOP500 zinatumia Linux. Kwa hivyo unachojifunza kwenye laptop kuukuu nyumbani Kisauni ni kilekile kinachoendesha mashine hizo kubwa, kwa amri zilezile.

Nichague distro gani?

Distro ni mkusanyiko wa kerneli pamoja na programu zake, uliopangwa na kundi fulani la watu. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na husimamiwa na wanachama wa kujitolea. Ubuntu imejengwa juu ya Debian na ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Upande wa pili kuna ukoo wa Red Hat, ambamo sasa wengi hutumia Rocky Linux au AlmaLinux, zilizozuka baada ya kutangazwa kwamba CentOS Linux 8 ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021.

Ushauri wangu ni huu: chagua Debian, au toleo la Ubuntu la muda mrefu, ambalo hutoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili na kupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Kaa nalo miezi sita bila kuhamahama. Nimeona wanafunzi waliojaribu distro kumi na mbili kwa mwaka na bado hawajui kuongeza mtumiaji. Ukishaizoea apt, zana ya kusakinishia programu ya Debian na Ubuntu, utaielewa dnf ya ukoo wa Red Hat kwa siku moja.

Laptop yangu ni ya mtumba na ina RAM ya GB 4. Je, inatosha?

Inatosha. Seva ya Debian isiyo na mazingira ya picha huridhika na RAM ya GB 1 au hata nusu yake, kwa hivyo unaweza kuendesha mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta yako, kwa wakati mmoja kwa kutumia VirtualBox au KVM, ukaziunganisha kwa mtandao wa ndani, na ukawa na maabara yako mwenyewe bila kununua hata kebo moja. Faili ndogo ya kusakinishia Debian haifiki GB 1. Ipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, hakiki alama yake kwa amri ya sha256sum ili ujue haikuharibika njiani, kisha gawaneni kwa flashi. Kabla ya kila jaribio piga picha ya hali ya mashine pepe, ile inayoitwa snapshoti, ndipo utakuwa huru kuiharibu.

Kuhusu vifaa vyenyewe, sisi wa pwani tuna adui wawili ambao vitabu vya ng'ambo haviwataji sana: hewa ya chumvi na umeme unaokatika. Usiiweke seva karibu na dirisha linaloelekea baharini, hata kama upepo wa kusi unaonekana kuipoza vizuri. Nunua UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kabla ya kununua RAM ya ziada.

Je, nikariri amri zote?

Hapana. Amri thelathini hivi zitakutosha mwaka wa kwanza, na nyingine zote utazisoma kwa man, amri inayofungua kurasa za mwongozo. Ila kuna jambo moja ambalo ni lazima ulielewe kabisa, nalo ni ruhusa za faili, kwa sababu makosa mengi ya wanaoanza hutokea hapo.

Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na kuna watu wengine wote. Kila mmoja wa hao watatu hupewa haki ya kusoma, ambayo thamani yake ni 4, ya kuandika, ambayo ni 2, na ya kuendesha, ambayo ni 1. Kisha thamani hizo hujumlishwa. Faili yenye ruhusa 640 inasomeka na kuandikika na mwenyewe, inasomeka tu na kundi, na wengine hawaioni ndani. Sasa mwanafunzi anaweka tovuti, ukurasa unakataa kufunguka, anatafuta mtandaoni, anakuta mtu ameandika chmod 777, amri ya kubadilisha ruhusa, anaiendesha, ukurasa unafunguka na anafurahi. Alichofanya ni kumpa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine hiyo haki ya kuandika juu ya faili zake. Jibu sahihi lilikuwa kuuliza ni mtumiaji gani anayeendesha huduma ile ya wavuti (kwenye Debian mara nyingi ni www-data), kisha kumpa haki ya kusoma huyo peke yake.

Mimi nataka seva tu. Kuna haja ya kujifunza mtandao?

Kuna haja kubwa, kwa sababu seva isiyofikika haina faida kwa mtu, na malalamiko mengi yanayoanza kwa maneno "seva imekufa" huishia kuwa ya mtandao.

Anza na anwani. Anwani ya IPv4 ina biti 32, na baadhi ya safu zimetengwa kwa matumizi ya ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Mtandao wa /24 (ambao biti 24 za mwanzo ni za mtandao) una anwani 256, lakini unazoweza kuvipa vifaa ni 254, kwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Baada ya anwani zinakuja namba ambazo kwa Kiingereza huitwa jina lilelile la bandari (port), nazo huwachanganya wengi. Mimi darasani huzieleza kwa kutumia Kilindini: anwani ya IP ni bandari, na ile namba ni gati. Meli haitoshi kuambiwa ije Mombasa. Lazima ijue inafunga gati gani, maana gati la makontena si gati la mafuta. Vivyo hivyo pakiti ikifika kwenye seva huelekezwa gati 22 ikiwa ni ya SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali), gati 53 ikiwa ni ya DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani), gati 80 au 443 ikiwa ni ya wavuti. Amri ya ss -tulpn hukuonyesha magati yaliyo wazi na programu iliyokaa katika kila gati.

Ukiitwa kwenye tatizo, panda kutoka chini kwenda juu, wala usirukeruke. Tazama kwa ip link kama kebo imeshika. Tazama kwa ip addr kama mashine ina anwani. Tazama kwa ip route kama inajua lango la kutokea. Piga ping kwenye lango hilo. Piga ping kwenye anwani ya nje. Na mwisho uliza jina kwa dig. Anwani ya nje ikijibu lakini jina lisijibu, tatizo ni la DNS, na hapo usikimbilie kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti.

Nitatoa mfano mmoja. Ofisi moja upande wa Likoni ililalamika kwamba faili zinafunguka polepole mno tangu wiki iliyotangulia. Mhudumu wao alikuwa ameshasakinisha upya programu ya kushirikisha faili mara mbili. Tulipoanza kutoka chini, ip -s link ilionyesha hesabu ya makosa ikipanda kila tulipoitazama, na ethtool ikaonyesha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde mahali palipostahili 1000. Tuliichomoa kebo nyuma ya seva, tukaishika kwenye mwanga wa tochi: kati ya zile pini nane za shaba, moja ilikuwa imeota kutu ya kijani. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyaya, ilhali megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu; ndiyo maana mawasiliano hayakukatika bali yalishuka kasi, na ndiyo maana kila mtu alidhani kosa ni la programu. Tulikata ncha, tukapanga nyaya upya kwa rangi zake, tukabana kichwa kipya kwa koleo, na kazi ikaisha ndani ya dakika kumi.

Kosa gani limewahi kukufundisha zaidi?

Nalitoa hapa kwa ukamilifu kwa sababu sitaki limpate mwingine. Nilikuwa na seva ya hifadhidata ya ofisi moja, na asubuhi moja makarani hawakuweza kuandika risiti hata moja. Amri ya df -h ilionyesha kwamba sehemu ya /var imejaa asilimia 100. Nikatafuta kwa du nikakuta faili moja kubwa mno ya kumbukumbu, nikaifuta kwa rm, nikashusha pumzi. Nilipoendesha df tena, bado ilisema asilimia 100. Badala ya kutulia na kujiuliza kwa nini, nilianza kufuta faili nyingine kwa pupa, na miongoni mwa nilizofuta ilikuwamo nakala rudufu ya wiki iliyopita.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: kwenye Linux, kufuta faili ni kuondoa jina lake tu katika saraka. Ikiwa kuna programu ambayo bado imeifungua, kerneli huendelea kuitunza data yote hadi programu hiyo iifunge, kwa hivyo nafasi hairudi. Amri ya lsof +L1 ingenionyesha faili hiyo isiyo na jina pamoja na programu iliyoishikilia, na kuianzisha upya huduma hiyo kungerudisha nafasi papo hapo. Bora zaidi, ningeipunguza faili hiyo hadi sifuri kwa truncate -s 0 bila kuifuta. Na bora kuliko yote, ningekuwa nimeweka logrotate ili kumbukumbu zizungushwe na kubanwa zenyewe kila wiki. Tangu siku ile, df ikinishangaza, naondoa mikono kwenye kibodi kwanza na kuandika kwenye daftari kile ninachokiona.

(Ukikuta diski ina nafasi lakini mfumo unadai imejaa, endesha df -i, huenda zimeisha ingizo za faili (inode) na si nafasi, jambo linalotokea sana kwenye seva za barua pepe zenye faili ndogondogo mamilioni.)

Nawezaje kuilinda seva iliyo wazi kwa intaneti?

Seva ikipata anwani ya hadharani, majaribio ya kuingia kwa nguvu, kwa kubahatisha nywila, kupitia gati 22 huanza mapema sana, mara nyingi siku hiyohiyo. Tengeneza jozi ya funguo za SSH kwa ssh-keygen -t ed25519, weka ule wa hadharani kwenye seva, baki na wa siri wewe peke yako ukiwa na neno la siri lake, kisha uzime kabisa kuingia kwa nywila. Usiingie ukiwa root, ile akaunti yenye mamlaka yote. Tumia akaunti yako na sudo, inayokuazima mamlaka hayo kwa amri moja moja, ili ijulikane nani alifanya nini.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ukiwasha kinga ya ufw (ukuta wa moto unaochuja mawasiliano ya mtandao) kabla ya kuruhusu gati 22, utajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe, na seva huenda iko nchi nyingine. Ruhusu gati kwanza, ndipo uwashe. Vilevile, ukibadilisha mipangilio ya SSH, ihakiki kwa sshd -t, iache ile njia uliyoingilia ikiwa wazi, na ufungue ya pili kujaribu. Ya pili ikikubali ndipo uifunge ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba kama seva inatunza majina, namba za simu au rekodi za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihusu ofisi yako. Mwambie mwajiri mapema, kwa maandishi.

Nakala rudufu zichukuliwe mara ngapi?

Mara nyingi kiasi kwamba mwenye ofisi anaweza kuvumilia kupoteza kilichofanyika tangu ya mwisho. Muulize yeye, usimkisie. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Rsync, inayonakili faili, na kazi ya cron, inayoendesha amri kwa ratiba, usiku vinatosha kuanzia. Lakini nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu kuwa ni nakala: kila mwezi chukua mashine pepe tupu, rejesha, na umwite karani aikague kwa macho yake.

Je, nahitaji cheti ili niajiriwe?

Cheti husaidia jina lako lisomwe. LPIC-1, cheti cha Linux cha ngazi ya kwanza, ina mitihani miwili, kila mmoja wa maswali 60 kwa dakika 90, na hudumu miaka mitano. RHCSA ya Red Hat ni mtihani wa vitendo: unapewa mashine na kazi za kufanya, wala hakuna maswali ya kuchagua. Mimi nauheshimu zaidi huo wa pili, ingawa ada yake ni nzito kwa kijana wa hapa. Kama pesa hazipo, weka daftari la kazi ulizofanya, tatizo kwa tatizo, pamoja na amri ulizotumia. Mimi mwenyewe nimewahi kumchagua msaidizi kwa kusoma daftari lake kurasa nne tu.

Kiingereza changu ni hafifu. Je, nitaweza?

Utaweza, ila usikwepe kusoma kurasa za man, maana ndizo zenye ukweli. Lugha yao ni finyu na inajirudia; maneno mia mbili yatakufikisha mbali. Kiswahili nacho hakijakaa nyuma kabisa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Darasani kwangu tunajadiliana kwa Kiswahili na tunaandika amri kama zilivyo, na sijaona aliyepungukiwa kwa hilo.

Kebo ya baharini ikikatika, msimamizi wa Mombasa afanye nini?

Sisi ndio mlango wa kebo hizo. SEACOM na TEAMS ziliingia mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka baadaye. Hata hivyo Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu, na Mei 2024 kukatika kwa EASSy na SEACOM kulipunguza kasi ya intaneti Kenya, Tanzania na kwingineko. Kebo huwezi kuishona wewe, lakini unaweza kupanga ofisi yako isisimame. Weka DNS ya ndani inayokumbuka majibu, kwa unbound au dnsmasq. Weka apt-cacher-ng ili kila sasisho lipakuliwe mara moja kwa mashine zote. Na faili ambazo watu wa chumba kimoja wanapeana zikae kwenye seva ya chumba hicho, zisizunguke hadi Ulaya na kurudi.

Kisha jaribu. Jumamosi moja ofisi ikiwa tupu, chomoa kebo ya nje kwenye ruta na uizungukie kila kompyuta ukiwa na karatasi: ingia, fungua faili, chapisha ukurasa, tafuta jina la printa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, printa ilikataa kwa sababu mtu alikuwa ameweka DNS ya nje ndani ya mipangilio ya kompyuta tatu. Niliziandika namba za kompyuta hizo, nikaelekeza DNS yake kwenye seva ya ndani, na Jumamosi iliyofuata nikaichomoa kebo tena.